Pumba zilizochachuka: kuku anafaidika, au ndoo tu imefura?

Togwa huchachuka, tukanywa. Wali wa jana huchacha, tukamwaga (mfukoni nako watu huchacha, lakini hayo mengine). Wafugaji wa uani hapa Dar es Salaam wanaoloweka pumba na paraza (nafaka iliyovunjwavunjwa) siku moja au mbili kabla ya kulisha kuku wanatembea katikati ya maneno hayo mawili.

Wanaotetea ndoo wana hoja. Pumba zikizama majini, bakteria wa jamii ile ile inayogandisha mtindi hula sukari na kutoa asidi, na asidi ikikolea salmonela hapati pa kukaa. Fosforasi nyingi ya nafaka imefungwa kwenye faiteti, kiungo cha mbegu ambacho tumbo la kuku halikivunji vizuri; uchachu hufungua sehemu yake. Faida nyingine haihitaji kemia. Mwagia kuku chakula kikavu uwatazame: wanadonoa chengachenga, unga unabaki chini, upepo unachukua wake. Rojo zito hawalichagui.

Mimi naachana nao kwenye hesabu. "Chakula kimepungua kwa nusu," utaambiwa, na ndoo unaonyeshwa, imejaa kweli. Imejaa maji. Kuku wa mayai anataka kama gramu 120 za chakula kikavu kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1.2, uloweke usiloweke. Unachookoa ni kile kilichokuwa kinamwagika. Si haba, ila nusu haifiki. Anayebisha apime kabla ya kutia maji, si baada.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuloweka chakula cha mayai cha mfuko, kile kilichokwisha kuchanganywa. Siku ya pili nilifunua nikitegemea harufu ya togwa, nikakutana na harufu ya mtaro. Sababu ni chokaa. Chakula hicho kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na chokaa huimeza asidi. Ndoo inachelewa kuwa chachu, vijidudu vibaya vinapata muda wa kujitanua. Isitoshe, lisini, kijenzi cha protini kinachoongezwa kiwandani, bakteria nao wanaipenda, kwa hiyo unalipia protini inayoliwa ndoo bado imefunikwa. Tangu hapo naloweka pumba na paraza peke yake. Mashudu, dagaa, chokaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nachanganya asubuhi ya kulisha.

Joto letu ni la kusifiwa na kulaumiwa. Kwenye nchi za baridi watu husubiri siku tatu, nne. Hapa mwezi wa pili saa 24 zinaweza kutosha. Lakini joto hilo hilo halilali chakula kikishawekwa chomboni. Kufikia adhuhuri mabaki yana nzi, kilichomwagika kimelowesha maranda, na banda lenye maranda mabichi linaalika kuhara damu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuweka kidogo, kusubiri kiishe, kisha kuosha chombo. Anayetoka Chanika alfajiri kuwahi kazini Posta na kurudi usiku, huyo ningemwambia aendelee na kikavu. Vifaranga nao siwapi kabisa. Wanaingia ndani ya rojo, wanalowa, wanapigwa na baridi.

Halafu kuna hii ya kununua pumba zenye ukungu kwa bei ya kutupa, kwa imani kwamba uchachu utazisafisha. Hapo sina pande mbili. Sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na ndoo ya maji si dawa ya kuitegemea. Vivyo hivyo kideri: ni ugonjwa wa kuku unaoletwa na kirusi, kinga yake ni chanjo, ile ya matone ya jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nimeshasikia mtu akisema kuku wake "wana kinga ya uchachu" na hajachanja mwaka mzima.

Kwangu ndoo zimebaki mbili, zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Ya leo ina povu dogo na harufu kali tamu. Ya juzi niliacha pumba zielee juu ya maji, zikaota manyoya ya kijani pembeni. Hiyo nimeifukia nyuma ya choo, na kuku wameshinda na kikavu.