Mwanafunzi asiyejisimamia: ni mvivu, au amejifunza kutongoja?

Matokeo ya mtihani yakiwa mabaya, neno la kwanza kutajwa huwa ni uvivu. Wanafunzi hawajitumi, wamezama kwenye simu, hawana uchungu na maisha yao. Neno la pili ni motisha: aitwe mtu wa kuwahamasisha, zitangazwe zawadi, ubandikwe ukutani msemo wa kutia moyo. Chini ya maneno hayo mawili kuna wazo moja tu, kwamba kujisimamia katika masomo ni kitu kilichomo kifuani mwa mwanafunzi, ama anacho ama hana, na kazi ya mkubwa ni kukemea au kuchochea.

Wapo wanaolitazama jambo hili kinyume. Wanasema kujisimamia ni ufundi, hufundishwa kama kuandika na kuhesabu, na kwamba ari ya mwanafunzi hutegemea sana iwapo mahali anaposomea pamempa sababu ya kuwa nayo. Watu hawa hawapendwi kwenye vikao vya wazazi. Huonekana wanawatafutia watoto visingizio. Sikubaliani nao kwa kila jambo, na nitaufikia udhaifu wao, lakini hoja yao imekuwa ikisikilizwa nusu nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye uzito.

Wanaosisitiza nidhamu nao hawasemi upuuzi. Mwaka 2005 Angela Duckworth na Martin Seligman walichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani. Walipima nidhamu binafsi ya kila mmoja, kisha wakasubiri alama za mwisho wa mwaka. Nidhamu ilieleza tofauti za alama hizo kwa zaidi ya mara mbili ya kipimo cha akili. Kwa mwalimu hilo si jambo la kushangaza. Kila darasa lina yule ambaye si mwepesi wa kushika, lakini daftari lake limekamilika, anauliza, anarudia, na mwisho wa mwaka anampita mwerevu anayesubiri usiku wa kuamkia mtihani.

Ila angalia walivyopima. Pamoja na madodoso yaliyojazwa na wanafunzi, wazazi na walimu, katika awamu ya pili kila mwanafunzi alipewa bahasha yenye dola 1 na kuachiwa uamuzi: aichukue leo, au airudishe apate dola 2 wiki ijayo. Aliyeirudisha alihesabiwa kuwa na nidhamu zaidi. Huenda ni kweli. Lakini ili uirudishe ile bahasha unahitaji vitu viwili: uwezo wa kujizuia, na kumwamini aliyekuahidi. Kipimo kinavichanganya na kuvipa jina moja.

Jaribio maarufu zaidi la aina hii ni la Walter Mischel, lililoanza miaka ya 1960 katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mtoto anaachwa chumbani na peremende moja laini. Asipoila mpaka mkubwa arudi, atapata mbili. Watu wengi wanakumbuka sehemu ya pili ya habari hiyo, kwamba waliongoja walikuja kufanya vizuri zaidi shuleni. Wachache wanalijua jaribio la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, la mwaka 2013, ambalo mimi kulisimulia sichoki.

Watoto walikuwa 28 tu. Kabla ya kufikia peremende, kila mmoja aliketishwa achore. Alionyeshwa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa akisubiri kidogo ataletewa nyingine nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa. Kwa nusu nyingine mtafiti alirudi mikono mitupu na kuomba radhi: samahani, kumbe hazipo. Mambo yakarudiwa hivyo hivyo kwa stika. Baada ya hapo ndipo peremende ikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika 3. Kati ya 14 wa kundi la kwanza, 9 walivumilia mpaka dakika 15 zikaisha. Kati ya 14 wa kundi la pili, alivumilia 1.

Utafiti wa watoto 28 ni mdogo, na sidai ubebe ghorofa. Lakini itafakari tofauti hiyo. Watoto hawakugawanywa kwa tabia wala kwa malezi; aliyeangukia kundi hili angeweza kuangukia lile. Dakika 9 zilizowatenganisha zilitengenezwa pale pale, kwa ahadi mbili ndogo zilizovunjwa, tena kwa upole, tena na mtu aliyeomba radhi. Kama hilo linatosha kumpunguzia mtoto subira kiasi hicho, miaka saba ya ahadi hewa inamfanyaje? Wahenga walituachia subira yavuta heri, wakatuachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto wa kundi la pili aliishika ile ya pili, na kwa ushahidi aliokuwa nao alikuwa sahihi. Kungoja kulishamtia hasara mara mbili.

Halafu kuna yule mmoja aliyengoja. Huyo ndiye tunayemsimamisha jukwaani awaambie wenzake 13 kwamba inawezekana.

Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walichambua taarifa za watoto zaidi ya 900 na kukuta uhusiano kati ya kungoja na mafanikio ya baadaye ni nusu ya ule uliotangazwa mwanzoni na kina Mischel, na ulipungua kwa theluthi mbili walipozingatia hali ya familia na uwezo wa mtoto alipokuwa mdogo. Haukufutika wote, na wapenda nidhamu wana haki ya kulisema hilo. Ila ulipungua mno kuweza kubeba mahubiri yanayojengwa juu yake.

Sasa tuingie darasani, maana huko ahadi hazihusu peremende. Mwanafunzi anaambiwa akusanye zoezi kesho bila kukosa. Anakesha, anakusanya, na daftari halirudi mwezi mzima. Anajiandaa kwa jaribio la Ijumaa; linaahirishwa kwa sababu wengi hawakujiandaa, yaani aliyejituma amelipia kutojituma kwa wengine. Anaambiwa mtihani utatoka kwenye mada hizi, unatoka kwenye nyingine. Anaandika insha kwa jasho anapata alama zile zile za aliyenakili. Hakuna tukio hata moja kati ya hayo linaloitwa kosa la kinidhamu, kwa sababu aliyelitenda ni mkubwa. Mwisho wa mwaka tunamkuta mwanafunzi huyo ameketi nyuma, haandiki, hajibu, tunasema hana ari. Alikuwa nayo. Aliitoa mara tatu nne, haikumletea kitu, akaacha kuitoa.

Nusu ya pili ya hoja ni ya ufundi, nayo inasahaulika hata zaidi. Barry Zimmerman, aliyeandika sana kuhusu mada hii, alieleza kujisimamia kama mzunguko wa hatua tatu: kupanga kabla ya kazi, kujifuatilia wakati wa kazi, kujikagua baada ya kazi. Ukikisoma kitu hicho kinaonekana chepesi. Tatizo ni kwamba hatua ya tatu humdanganya mtu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Wengine walikisoma tena, wengine walifunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Maana yake njia dhaifu ndiyo inayompa msomaji hisia ya kuelewa papo hapo. Kisha mwaka 2009 Karpicke na wenzake waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo kikuu wanasomaje: asilimia 84 walitaja kurudia kusoma, asilimia 11 tu walitaja kujipima. Hao walikuwa wameshafika chuo kikuu. Mtu aliyebukua usiku kucha kwa njia hiyo, akafeli, akaambiwa ongeza bidii, atafanya nini zaidi ya kubukua usiku wa pili kwa njia ile ile?

Ndiyo maana nadhani jaribio la Roland Fryer, lililochapishwa mwaka 2011, lingepaswa kusomwa na kila anayetaka kununua zawadi. Huko New York wanafunzi walilipwa fedha kwa matokeo ya mitihani, na Chicago kwa alama za masomo. Matokeo ya mitihani hayakusogea. Huko Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake mafupi. Huko uelewa wa kusoma ulipanda, ingawa siyo kwa kila kundi la wanafunzi. Hamu ya fedha haikukosekana popote. Lakini walipoulizwa wangefanya nini ili wapate zaidi, wanafunzi waliolipwa kwa matokeo walizungumzia mbinu za kujibu mtihani. Kusoma zaidi au kumwuliza mwalimu hakukutajwa. Mtoto wa Dallas alionyeshwa mlango: soma kitabu hiki. Wa Chicago alionyeshwa ghorofa ya juu tu. (Kama zawadi zenyewe huua hamu ya asili, huo ni ubishi mwingine, na wataalamu wamerushiana tathmini tangu miaka ya 1970 bila kupatana.)

Upande huu nao una madoa yake. La kwanza, mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba mazingira ndiyo yenye lawama anaweza kuridhika na jibu hilo. Nimewasikia wakilitumia, kwa ufasaha kabisa, wale wale ambao hawajafungua kitabu. Maelezo ya kwa nini mtu hafanyi kazi si ruhusa ya kutofanya, na watetezi wa kambi hii hawalisemi hilo kwa sauti ya kutosha. La pili ni zito zaidi: ukimpangia ratiba, ukamkumbusha, ukamgawia kazi vipande vipande, atatembea lini peke yake? Kumlemaza kwa gongo la kutembelea ulilomchongea mwenyewe ni lawama nzito kwa mwalimu.

Jibu langu kwa hilo si kamili, lakini linaanzia kwa watu wazima. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwapa wanataaluma walio kazini, waliokuwa wakichukua kozi, insha tatu. Darasa moja lilipangiwa tarehe zilizoachana sawasawa. Darasa jingine lilijipangia lenyewe, na lingeweza kuweka zote siku ya mwisho bila kupoteza alama. Wengi hawakufanya hivyo. Walijifunga kwa tarehe za mapema, wakijua wanavyojichelewesha. Hata hivyo darasa lililopangiwa lilipata alama bora. Kwa hiyo hata watu wenye kazi na familia wanaegemea gongo, na wenye busara hulichonga wenyewe. Kama ni hivyo kwao, kumdai kijana wa miaka 14 ajisimamie bila kumwonyesha gongo linachongwaje ni kumdai kitu ambacho hatukidai kwetu. Gongo liondolewe, naam, lakini kidogo kidogo, na kwa kumwachia apange tarehe moja kati ya tatu, kisha mbili, kisha zote.

Mwalimu atasema ana wanafunzi wengi kuliko saa za siku, na hatakuwa anasema uongo. Kwa hiyo simwombi aanzishe somo jipya la kujisimamia. Apunguze ahadi. Asiyeweza kusahihisha mazoezi manne atoe moja, lirudi siku aliyotaja. Dakika 5 za mwisho wa kipindi vitabu vifungwe, kila mmoja aandike anachokumbuka, afungue ajisahihishe mwenyewe. Mwanafunzi ambaye baada ya hapo bado hafanyi kitu, huyo nitakaa na wapenda nidhamu tumzungumzie. Nadhani hatutakuwa na orodha ndefu, na nitataka kujua kwanza kama daftari lake limesharudi.