Baridi yote hii, na dirisha linafunguliwa

Mwenye nyumba wangu hapa Leipzig, Ujerumani, kanikumbusha tena: asubuhi fungua madirisha wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, ukianza na chumba cha kulala. Nje kumeganda! Na si hiari, imo kwenye mkataba wa pango. Usipofanya hivyo, unyevu wa pumzi za usiku unatulia kwenye pembe za ukuta baridi, ukungu mweusi unaota, mnaanza kugombania nani alipe.

Inakera. Lakini hewa ile ya nje ni kavu, hita ikishaipasha moto chumba kinakuwa chepesi, shuka hazina ule ubichi. Usingizi wa huku nauheshimu.

Sasa njoo Dar mwezi wa pili. Saa kumi na mbili jioni tunafunga, mbu. Usiku wa manane joto linakushinda, unafungua, unawakumbuka wale jamaa wa mti mrefu wenye ndoano wanaovua suruali na simu dirishani. Unafunga tena. Hayo nayajua, nimekulia Tabata. Kinachoniuma ni ujenzi wetu. Dirisha la aluminiamu la kuslaidi, ukilifungua lote linafunguka nusu tu, kioo kimoja kimejificha nyuma ya mwenzake. Tena liko ukuta mmoja. Upepo ukiingia utokee wapi? Juu bati, chini yake jipsamu isiyo na tundu hata moja, joto la mchana limetulia humo kama chapati kwenye hotpoti. Umeme ukikatika, feni kimya, watu wanaburuta magodoro kwenda sebuleni.

"Kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha kulala." Nimewasikia. Nani kasema Mjerumani katuzidi? Wazee wa Mji Mkongwe na Lamu walijenga kuta nene za mawe, dari juu kabisa, uwanda katikati ya nyumba wa kuvuta hewa. Bibi yangu Tanga alianika magodoro ya sufi juani, jioni akafukiza udi chumbani. Chumba changu hiki cha Leipzig kinanukia sabuni ya unga, basi.

Ila matundu ya hewa juu ya dirisha, yale ya nyumba za zamani, nani alituambia ni ushamba? Mdogo wangu anajenga Chanika, fundi kayaziba eti yanaharibu sura ya nyumba. Nikampigia: toboa dirisha la pili ukuta wa pili, weka wavu na grili, kaskazi ipite, kusi ipite.

"Kaka, wewe tuma hela ya kiyoyozi."

Situmi. Ya dirisha nitatuma.