Mwanafunzi Mwenye Ndevu

Sisi walimu wa Tanzania tunaosubiri ajira tuna kazi mbili tu: kubeti na kujitolea. Mimi nilichagua ya pili, tena nikajitolea nje ya nchi. Usishtuke. Nje yenyewe ni Nairobi. Asubuhi unapanda basi Arusha, unagongewa pasipoti Namanga, jioni unakula githeri. Ila mama alishautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anakwenda kufundisha ng'ambo, basi majirani wakaniagiza simu, na shangazi akapiga kuuliza kama theluji imeanza.

Shule ilikuwa Kibera, upande wa Laini Saba, karibu na reli ya kwenda Kisumu. Mabati juu, mabati ubavuni, na ubao wenye ufa ambao ilibidi nijifunze kuukwepa nikiandika. Treni ikipita, somo linasimama lenyewe na masufuria ya mama mpishi yanacheza. Watoto walinipokea vizuri, isipokuwa walidai naongea kama redio. Nikisema, "Tafadhali fungueni madaftari yenu," kuna mmoja lazima amalizie huko nyuma: "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari."

Sasa, Kibera mwezi wa Aprili, mvua za masika zimekolea. Vichochoro vinakuwa matope yaliyochanganyika na mambo ambayo sitayataja, huenda unasoma huku unakula. Wenyeji wanaruka jiwe hadi jiwe, mtu na mtungi wake wa lita 20, wala hawatazami chini. Mimi nilikuwa natazama chini. Nimevaa shati jeupe na suruali ya kupiga pasi, maana siku hiyo tulitegemea wafadhili kutoka Ulaya na Madam, mkuu wa shule, alituambia tupendeze. Jiwe la tatu halikuwa jiwe. Mpaka leo sijui lilikuwa nini. Nilijikuta nimekaa mtaroni, maji yananifika kifuani, na bibi mmoja aliyekuwa anakaanga mandazi mlangoni pake akaniambia kwa upole, "Pole, baba. Hapo huanguka wageni."

Madam aliponiona alishika mdomo, halafu akashika pua. Nikaoga nyuma ya jiko huku mama mpishi anahesabu kila kata ninayomimina, kwa kuwa maji yale ni ya kununua. Nguo zangu zikaingia kwenye beseni. Stoo kukapatikana sweta la shule la rangi ya damu ya mzee, ambalo fundi alikosea vipimo akafuma la kumtosha baba wa mwanafunzi. Kaptula ilikuwa ya kijana wa mama mpishi, ikanibana mahali ambapo mtu mzima hastahili kubanwa. Miguuni ndala. Nikaambiwa nijifiche dawati la nyuma, gredi ya pili, mpaka suruali ikauke.

Wageni wakafika kabla suruali haijakauka, kila mtu na mwamvuli wake.

Mama mmoja mwenye kofia pana alinijia moja kwa moja. Akachuchumaa, macho yamemlenga machozi, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kile cha kusemeza wagonjwa, niko darasa la ngapi. Magoti yangu wakati huo yako usawa wa masikio. Nikamjibu kwa Kiingereza cha chuo: mimi ni mwalimu.

Akaweka mkono kifuani. "Na utakuwa!" akasema. "Usikate tamaa. Utakuwa mwalimu!"

Nikamweleza kwamba sikusema nitakuwa, nimesema ni. Akawageukia wenzake: "Mnaona anavyojiamini?"

Aliyenimaliza kabisa ni kiongozi wa msafara, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amesoma habari za Kenya kabla ya kupanda ndege. Akawasimulia kisa cha mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi, na mwaka uliofuata akafika New York kuzungumza Umoja wa Mataifa. Kisa cha kweli kabisa, na mzee yule namheshimu. Lakini yeye alikuwa na 84! Mimi nina 29 na shahada ya hisabati. Kamera zote zikanigeukia.

Watoto walishanusa mchezo. Darasa ambalo halijawahi kunyamaza tangu nifike likanyamaza. Mgeni mmoja akaniuliza saba mara nane. Nikamtazama tu, kwa hasira, nikifikiria miaka yangu mitatu ya kalkulasi. Mtoto niliyekaa naye akanionea huruma, akaninong'oneza: "Ticha, sema fifti siksi." Nikasema. Makofi yakapigwa mpaka mabati yakaitikia.

Ndipo Madam akaingia, akaona yote kwa jicho moja. Mungu ambariki, hakusita. "Huyu ni mwalimu wetu wa hisabati," akatangaza kwa sauti.

Mama wa kofia akaangua kilio. "Na bado anawafundisha wenzake!"

Madam akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye aliniambia mabati ya gredi ya nne, aliyotaka kuwaomba wafadhili hao, yalikuwa bado hayajajadiliwa. Wakati huohuo mama mpishi akatokea mlangoni ameinua suruali juu, anaita, "Mwalimu! Mwalimu! Imekauka!" Kiongozi wa msafara akatikisa kichwa kwa mguso: hata mpishi anamtia moyo.

Nikapigwa picha katikati ya watoto, nikakabidhiwa mfuko: penseli mbili, kifutio, kichongeo, biskuti na mswaki. Nikashukuru. Ungefanyaje?

Walipotoka tu, yule jirani yangu wa dawati akanivuta sweta. "Ticha, tugawane. Jibu lilikuwa langu."

Haki yake. Nikamfungulia mfuko achague. Akachukua biskuti. Akachukua penseli, zote mbili. Akachukua kifutio na kichongeo. Mswaki akaugeuzageuza mkononi, akanirudishia.

"Hiyo baki nayo," akasema. "Si ni wewe ulianguka mtaroni?"