Hatujakaa, Tunasubiri

Gari la matangazo limepita tena Ngamiani leo, spika mbili zimefungwa kamba juu ya paa, sauti ya kutoboa masikio: "Wananchi mnahimizwa kuongeza tija! Taifa linawategemea!" Limepita polepole mbele ya mashine ya kusaga, umeme umekatika tangu alfajiri, foleni ya madebe ya mahindi imefika kwa muuza mihogo, na mwenye mashine amekaa juu ya gunia anachokonoa meno. Aongeze tija kwa kipi? Asage kwa hayohayo meno?

Naomba basi, kwa heshima zote na itifaki ikiwa imezingatiwa, tuelewane jambo moja. Tija si jasho. Tija ni kile kilichopatikana, ukigawanya kwa saa zilizotumika kukipata. Mama anayelima kwa jembe la mkono tangu saa kumi na mbili asubuhi ana jasho la kujaza pipa, lakini tija mwulize mwenye trekta. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi nchi hii wako kwenye kilimo, na kilimo chenyewe kinatoa kama robo tu ya pato la taifa. Ukimwambia mama yule ajitume zaidi umemtukana.

Na sisi wa Tanga ndio tumeonewa kuliko wote. Mgeni anashuka stendi ya Kange saa nne asubuhi, anapita mitaani, anatuona barazani, anatikisa kichwa: wagosi (ndivyo wanavyoitwa wanaume wa huku) wavivu hawa, Tanga raha. Mgosi, hatujakaa. Tunasubiri. Huyu anasubiri umeme, yule anasubiri mhuri, yule mwenye kanzu anasubiri kibali cha kitu ambacho msimu wake ulishapita.

Kuhimizwa tumehimizwa vya kutosha. Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Kilimo cha Kufa na Kupona muda mfupi baadaye, tukapona kwa shida. Kilimo Kwanza 2009. Matokeo Makubwa Sasa 2013. Hapa Kazi Tu 2015. Sasa ipo Dira 2050, imeandika uchumi wa dola trilioni moja, na mimi sina ugomvi na trilioni, ije tu, tutaipokea.

Lakini hebu tazameni wenzetu. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na IMF na kuanza kufungua uchumi. Mwaka huohuo Vietnam nao walianza mageuzi yao, nchi imetoka vitani, watu wana njaa. Miaka miwili baadaye wakatoa azimio moja la kilimo: shamba la ushirika likabidhiwe kaya kwa miaka mingi, kaya ilime, itoe kiasi kilichokubaliwa, kinachobaki ni chake. Mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Mkulima yuleyule, nyati yuleyule, tope lilelile. Hakuna aliyepita na spika.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali, bandari yetu hii hapa. Miaka yote meli kubwa ilikuwa inatia nanga huko nje, kilomita 1.7 kutoka gatini, kwa sababu lango lilikuwa na kina cha mita 3. Mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa hadi gatini, mzigo unapakuliwa mara ya pili. Kazi moja inafanywa mara mbili, na bahari ikichafuka haifanywi hata hiyo moja. Wakachimba lango hadi mita 13, wakajenga gati la mita 450, meli zikaanza kufunga palepale. Kuli hakupewa hotuba. Kuli aliondolewa safari isiyo na maana. Hayo ndiyo mageuzi ninayoyaelewa mimi.

Sasa tuje nchi kavu, na hapa naomba mtu anishike mkono maana presha inapanda.

Chukua mgosi yeyote wa Makorora, ana akiba yake, anataka kufunga mashine ya kukoboa na kusaga. Kinu cha nyundo, mota ya nguvu za farasi 20. Kinu hicho kikiwa na chekeche nzima na nyundo ambazo hazijalika kinakupa kilo 300 kwa saa bila kulalamika, kinakula yuniti kama 15. Nyundo zikilika upande mmoja unazigeuza, zikilika pande zote unabadilisha seti nzima, usibadilishe moja moja, mhimili utayumba na beringi zitakufa. Hayo yote mgosi anayajua. Asichokijua ni dirisha namba tatu, la leseni ya biashara.

Kwanza jina la biashara, shilingi 20,000 pamoja na ada ya mwaka, hilo siku hizi unafanya kwa simu ukiwa umelala, nasema kweli na sifa nawapa. TIN ni bure. Halafu inatakiwa barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti yuko msibani Pongwe. Mhuri uko wapi? Mfukoni kwa mwenyekiti. Mgosi anapanda baiskeli mpaka Pongwe, anakaa msibani kwa adabu, anachangia rambirambi, anakula pilau, barua inagongwa mhuri juu ya goti la marehemu mtarajiwa mwingine. Hiyo ni hatua ndogo.

Halafu mkataba wa pango. Mkataba lazima ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Na mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango, aipeleke serikalini kama kodi ya zuio ya mwenye nyumba. Sheria iko wazi: ni kodi ya mwenye nyumba. Sasa nenda ukamwelezee mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Sheria inasema kwenye ile milioni mbili na laki nne ya mwaka, nikate laki mbili na arobaini nikulipie kodi yako."

"Marahaba. Nilikwambia kodi ni shilingi ngapi?"

"Milioni mbili na laki nne."

"Basi nataka milioni mbili na laki nne. Hiyo asilimia kumi mlipie aliyekufundisha."

Mgosi analipa mwenyewe, juu ya kodi ya pango. Kila mpangaji mjini analijua hili, kila mwenye nyumba analijua, na sheria inaendelea kuamini kwamba mpangaji wa fremu ana ubavu wa kumkata mwenye fremu.

Amemaliza? Sasa ndiyo anafika dirishani, ofisi siitaji, na bahasha ya kaki: kitambulisho cha NIDA, TIN, mkataba, makadirio ya kodi, cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi, picha mbili zenye nyuma ya bluu. Binti wa dirishani ana adabu zote.

"Karibu baba. Mtandao uko chini."

"Tangu saa ngapi, mwanangu?"

"Tangu tumefungua."

"Utapanda saa ngapi?"

"Ukipanda baba utaona watu wanasimama."

Anakwenda kwenye benchi. Benchi la watu watano lina watu wanane, kila mmoja ana bahasha ya kaki, wanaangaliana magoti. Saa tatu. Saa nne. Anapita muuza kahawa, birika na vikombe vinalia, kashata kwenye sahani. Watu wananunua, wanakunywa, wanaagiza tena. Ukipiga hesabu za uchumi kwa uaminifu, jengo zima mtu pekee aliyeongeza pato la taifa asubuhi ile ni muuza kahawa, ambaye hana leseni.

Saa sita kasoro robo watu wanasimama.

"Baba, hii kontroo namba yako imekwisha muda."

"Imekwishaje nami nimekaa nayo hapa?"

"Ndiyo imekwisha ukiwa hapa baba. Nakutolea nyingine." Mungu ambariki, anatoa. "Lipa kwa simu, halafu nipe kopi ya kitambulisho mbele na nyuma."

Duka la kopi liko ng'ambo ya barabara. Umeme hakuna, kopi inatolewa kwa jenereta, bei imepanda mara mbili kwa kuwa petroli haitolewi sadaka. Anarudi na kopi.

"Vizuri baba. Sasa inabaki afisa aidhinishe tu."

"Yuko chumba gani?"

"Ametoka kidogo. Yuko kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini, mwanangu?"

"Ya huduma kwa mteja. Anarudi Jumatatu."

Piga hesabu hapo, usinionee mimi haya. Kilo 300 kwa saa, saa nane kwa siku. Kila siku mbili za kuzunguka na bahasha ni kilo 4,800 za unga ambazo hazikusagwa. Mtu hakulala, hakunywa pombe, hakucheza bao. Alikuwa anatii sheria kwa bidii kubwa. Na kuna nani atakayemrudishia zile saa? Hakuna fomu yake. Ingekuwepo, ingetaka kopi.

Nisiseme kwamba hakuna kilichorekebishwa. Mwaka 2018 serikali yenyewe iliandika mpango wa kupunguza utitiri wa tozo na taasisi zinazokagua kitu kilekile, utekelezaji ukaanza 2019, na mwaka huo usimamizi wa vyakula ukahamia Shirika la Viwango, TBS, ili mwenye unga asikaguliwe na wawili kwa unga mmoja. Dirisha moja likazibwa. Nashukuru. Lakini sheria ya leseni za biashara ni ya mwaka 1972, na dawa yake mimi naijua: mfanyabiashara wa hatari ndogo aanze kazi siku aliyojisajili, mkaguzi amfuate huko dukani akiwa anasaga. Mwenye baruti na mwenye dawa za binadamu wasubiri, hao ni halali yao kusubiri. Mwenye unga anasubiri nini? Kuna unga umewahi kulipuka? Haya, vumbi la unga linalipuka kweli, likijaa hewani kwenye chumba kisicho na dirisha na cheche ikapita. Basi akaguliwe dirisha. La kwake, siyo lile namba tatu.

Tuseme leseni imepatikana. Umeme unarudi saa nane mchana, mtaa mzima unapiga kelele "aaah!", mgosi anawasha. Mota inanguruma, haizunguki. Zimerudi fezi mbili, yaani nyaya mbili za umeme kati ya tatu, ya tatu imebaki njiani. Mota ya fezi tatu ikikosa moja, zile mbili zinabeba mzigo wote, waya zinapata moto, na ndani ya dakika chache kuna harufu ambayo kila fundi wa Tanga anaijua kabla hajafika mlangoni. Kuna kifaa kidogo cha kukata umeme fezi ikipotea, kinafungwa kwenye swichi ya kuwashia, na bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kusuka mota upya. Kifungeni jamani. Msingoje Dira.

Mkonge nao, tuuache? Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche elfu moja, ikafika hai 62, na kutoka hiyo 62 nchi ikafika tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kama tani 20,000. Jani la mkonge likishakatwa halijui kusubiri: korona, ile mashine ya kuchana majani, ikiharibika au lori likikwama, utomvu unakauka, singa, yaani nyuzi zake, zinabadilika rangi, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Na singa zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Asilimia 96 tulikuwa tunamwaga, mpaka Hale mwaka 2007 walipoanza kuzigeuza gesi na umeme.

Na lumbesa? Gunia linashonewa kofia juu mpaka linafanana na mzee aliyevaa kilemba, sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100, mkulima analipwa la kilo 100, na mgongo wa kuli unabeba 130. Mizani ipo, imegongwa muhuri wa mwaka huu, imefunikwa turubai.

Afadhali hata machungwa ya Muheza, yanahesabiwa kwa mkono, ingawa mnunuzi naye ana hesabu yake: moja, mbili, tatu, hili la nyongeza, nne. Mia yake ina mia na ushee. Na msimu ukikolea yanaoza chini ya miti huku tunakunywa juisi ya boksi iliyovuka bahari, jambo ambalo linanipa kichefuchefu kuliko juisi yenyewe. Chungwa linaliwa limemenywa kwa kisu, limekatwa kichwa, chumvi na pilipili ya unga juu. Pale karibu na Tangamano kuna wanaopaka pilipili kwanza ndipo chumvi. Wanakosea. Chumvi kwanza, iyeyuke kwenye maji ya chungwa, ndipo pilipili ishike, vinginevyo inakupalia, unakohoa mbele za watu na shati limechafuka, na maji ya chungwa kwenye shati jeupe yasipowahiwa kwa sabuni ya mche yanaacha alama ya njano, halafu mnasema dobi kaharibu.