Maji ya sampuli yaliishia barabarani

Wiki iliyopita Kisumu niliona jambo ambalo bado linaniudhi. Pikipiki ilikuwa imetoka upande wa Ahero na gunia la udongo mweusi nyuma, mdomo wazi, jua la saa nane likiwaka. Nikauliza ni wa nini. Nikajibiwa: sampuli, inapelekwa maabara ikapimwe kiasi cha maji.

Maji gani tena? Si yamekwisha kupeperuka njiani!

Udongo wa kipimo hiki hutiwa kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, palepale shimoni, mara tu unapochimbwa. Maabara wanapima uzito ukiwa mbichi, wanaukausha kwenye tanuri kwa nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi, kwa kawaida usiku kucha, mpaka uzito usibadilike tena. Kilichopungua ndicho maji, na unakigawanya kwa uzito wa udongo mkavu. Si kwa uzito wa udongo mbichi, jamani. Kosa hilo nimelikuta kwenye ripoti yenye muhuri.

Tazama madhara yake. Udongo ulioshindiliwa una gramu 1.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Kama maji ni asilimia 30, uzani wake mkavu, yaani wa udongo wenyewe bila maji, ni 1.42; ukiwa mkubwa, udongo huhesabiwa umeshindiliwa zaidi. Gunia likikauka njiani na ripoti ikasema asilimia 15, hesabu inatoa 1.61, na mkandarasi anaambiwa ameshindilia vizuri. Juu ya hapo familia inajenga. Na udongo wa Kano, tambarare ya huko Ahero, hausamehi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Nyamasaria kuna nyumba ninayoijua ambayo Januari kidole kinapita kwenye ufa wa ukuta, na Aprili mlango haufungiki.

Stima hupotea tanuri likiwa kazini, sikatai. Vifaa pia ni ghali. Lakini kufunika mkebe hakuhitaji stima.

Uzito mahususi wa chembe, yaani chembe za udongo ni nzito mara ngapi kuliko maji, nao wengi hawaupimi kabisa. Wanaandika 2.65 wanaendelea, ilhali hiyo ni namba ya mchanga wa kwatzi. Huwezi kuibandika Nakuru, kwenye majivu ya volkano na pumisi ambayo chembe zake zimejaa vitundu vya hewa. Hata mwenye chupa ya kupimia lazima aitoe hewa yote, kwa kuchemsha au kwa pampu. Viputo vikibaki, udongo unaonekana mwepesi kuliko ulivyo, na hesabu ya nafasi zilizo kati ya chembe inaharibika pia.

Kwa hiyo wewe unayejenga Ahero, Kibos au Rongai, usipokee asilimia tupu. Dai uzito wote mtatu: mkebe mtupu, mkebe na udongo mbichi, mkebe na udongo mkavu. Kisha uliza sampuli ilifunikwa saa ngapi, na ilisafirishwa ndani ya nini.