Virusi vya mafua havina ukuta wa kubomolewa

Nimesoma mwandishi mmoja akisema antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, huua vijidudu vyote vya mafua na kikohozi. Hapo nampinga. Bakteria ni seli kamili, japo haina kiini: DNA yake, yaani chembe zake za urithi, iko wazi ndani ya seli, na nje ina ukuta ambao antibiotiki kama amoksilini huzuia usijengeke vizuri mpaka seli inapasuka. Seli zetu zina kiini lakini hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa haizipasui. Virusi, kama hivi vya mafua, si seli kabisa, ni chembe za urithi ndani ya ganda la protini. Amoksilini ibomoe nini hapo? Nafundisha biolojia sekondari, na kila mafua yakianza naona wanafunzi wakimeza vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani, inaniuma sana. Huko kwenu maduka ya dawa yanaviuza bila cheti cha daktari?