Jiko Lisilo na Baba wala Mama

Jamani, mwenye kitu cha zamani nyumbani ana shida. Mwenye kitu cha zamani kisicho na jina ana balaa.

Mjomba alihama, akatuachia jiko la kuni. Boksi la chuma, miguu minne, mlango mmoja, tundu la dohani kwa nyuma, basi. Halina kibati cha kiwanda, halina namba, halina hata jina la fundi wa kulaumu. Na tangu liingie ndani, kila anayepita kusalimia anageuka mtaalamu wa majiko.

"Hili la zamani sana hili." Asante, kutu naiona! Mimi nauliza ni la nani, la lini, na nikiliuza napata nini. Hapo ndipo mtaalamu anapokumbuka kuwa kaacha nguo nje na mvua inakuja.

Mzee mmoja jirani, mtu wa heshima zake, alilizunguka mikono nyuma, akaligonga kwa pete, akatoa hukumu: "Hili ni jiko la Franklin." Yule Benjamin Franklin wa Marekani, aliyebuni jiko lake miaka ya 1740. Nikamwambia, mzee wangu, jiko la Franklin lilikuwa la chuma cha kumimina kwenye kalibu, na mbele lilikuwa wazi. Hili lina mlango, na kona zote zimechomelewa. Franklin alifariki 1790, kuchomelea kwa umeme kumekuja miaka ya 1880. Mzee akafikiri kidogo. "Labda aliacha maagizo." Nikampa shikamoo nyingine, nikamsindikiza.

Lakini anayeudhi kuliko wote ni shemeji, maana huyu anasoma. Alikuja na rula, tochi, na sauti ya daktari anayeita ndugu wa mgonjwa pembeni. Tukapima bati: ubavuni milimita 6, juu milimita 8. "Unaona? Hili la kiwandani. Mtu wa kujitengenezea anatumia bati aliloliokota." Nikaanza kutabasamu. Dakika hiyohiyo akamulika mishono ya kuchomelea. Wa kushoto umelala vizuri, viduara vimepandana kama magamba ya samaki. Wa kulia ni mabonge matupu, matone ya chuma yameganda mpaka mguuni. Nahisi fundi alikuwa keshalipwa. Shemeji akazima tochi. "Mh. La kujitengenezea hili."

Kumbe mshono hauthibitishi chochote, na hapo ndipo nilipochoka. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta, bei ikapaa, na watu kule wakakimbilia kuni. Kila mwenye mashine ya kuchomelea akawa kiwanda. Alikuwepo Bob Fisher, wa jimbo la Oregon, aliyetoka na boksi la chuma kizito lenye juu ya ngazi: nusu imeinuka, nusu imeshuka, ili sufuria moja ichemke na nyingine ipate moto wa taratibu. Akayaita Papa Bear, Mama Bear na Baby Bear, baba dubu, mama na mtoto, kwa kufuata ukubwa. Karakana nyingi zikayatengeneza kwa leseni yake. Nyingine zikaiga bila leseni, bila jina na bila aibu. Na kote huko ni binadamu wameshika mashine, wengine jicho liko kwenye saa ya kutoka. Kwa hiyo jiko la kiwandani linaweza kuwa na mshono wa aibu, na la nyuma ya nyumba likawa na mshono wa maonyesho kwa sababu mwenyewe hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Langu lina ngazi juu. Dubu hakuna hata mmoja.

"Siri iko mlangoni," akasema shemeji. Nakiri alikuwa na hoja. Kuchomelea bati mtu anaweza hata uani kwake. Kuyeyusha chuma na kukimimina ni habari nyingine. Mlango ukiwa wa kumimina, ama jiko lina kiwanda, ama mtu kaununua au kaung'oa kwenye jiko jingine. Na upande wa ndani wa milango hiyo mara nyingi huwa kuna namba au herufi zilizotokeza, alama ya mwenye kalibu. Basi tukaunyanyua kutoka kwenye bawaba, tukaulaza sakafuni. Nikashika burashi ya waya. Masizi yakaingia puani, masikioni, na kwenye zulia ambalo mama watoto alikuwa ametuonya. Nikasugua, nikasugua, kitu kikaanza kuonekana. Shemeji akapiga magoti. Mshale! Mshale mmoja tu, unaelekeza juu. Ndio ushahidi wote wa asili ya jiko letu: mlango wake haukufungwa kichwa chini.

Katika furaha yake akachukua bisibisi aichokonoe kamba ya kuzibia mlango, na mashavu yameshajaa pumzi apulize vumbi. Nikamdaka mkono. Baadhi ya kamba za majiko ya enzi hizo zilikuwa za asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Nilimpa kazi ya kutazama tu, nayo akaifanya kwa kunung'unika.

Sasa thamani. Ukitangaza jiko lisilo na jina, mnunuzi anakuhoji utadhani unaomba uraia. Bati la juu limepinda? Mlango unabana? Kwa mlango unafungia kipande cha karatasi kisha unakivuta. Kikigoma, kamba ni nzima. Kwangu kwa juu kinagoma kabisa, kwa chini kinadondoka chenyewe kabla sijakivuta. Matofali ya ndani? Matatu yamepasuka, ila hayo yana kipimo kinachojulikana, kama sentimita 23 kwa 11 na unene wa 3, unanunua mengine unapachika. Ndiyo kitu pekee humo ndani chenye utambulisho.

Halafu linakuja swali la kibati. Marekani ilitunga kanuni za moshi kwa majiko mapya ya kuni mwaka 1988, na Oregon, kulekule walikozaliwa dubu, ukiuza nyumba unatakiwa ung'oe jiko la zamani lisilo na cheti. Na miongozo yao ya moto inasema jiko lisilo na kibati cha kupimwa likae sentimita 91 mbali na chochote kinachoweza kuungua. Nikatembeza futi sebuleni. Ukuta wa mbao huku, pazia kule, kochi, kabati. Likifuata sheria, jiko linakaa katikati ya chumba na sisi tunahamia barazani, ambako hakuna joto.

Wanaosema "usiliuze, hiyo mali" ni wengi sana. Ukimwambia basi nunua wewe, anacheka, anakupigapiga begani. Mnunuzi wa vyuma chakavu ndiye pekee asiyenipotezea muda. Hakuuliza la nani wala la mwaka gani. Alitazama kama kuna njia ya kupitisha mkokoteni, akasema matofali niyatoe kwanza, yeye hapimi udongo. Bei yake ilimfanya mama watoto aingie ndani bila kuaga.

Sasa kajitokeza mtu wa mbali, kaona picha, anasema hilo ndilo alilolitafuta maisha yake yote na pesa anayo mkononi. Anataka kitu kimoja tu kabla hajaja: nimtumie risiti ya mwanzo.